Maziwa ya Nani

Nikifika stendi ya Garsen siku hizi, kabla chai haijamiminwa, lazima mtu mmoja aniulize: "Hebu tuambie, India kukoje?" Nawaambia ni kukubwa. Nawaambia mji niliokaa ukiuweka huku utaanzia Idsowe uishie Hola, na bado watu watakosa pa kulala. Wanacheka, wanataka zaidi, wanataka majumba na treni na mastaa wa sinema. Mimi nimechoka kuisimulia hiyo. Mastaa sikuwaona. Habari yangu ya India ni ya kutafuta chakula na kutembea kwa miguu, na nitaiandika hapa mara moja, anayeitaka asome, nisiulizwe tena nikiwa na njaa.

Kwanza mnijue. Mimi si mtu mdogo. Shule niliiacha darasa la tatu nikafuata ng'ombe wa baba, kiangazi kikaja kikawamaliza ng'ombe wa baba wote, na mimi nikaanza maisha kwa kuchuna mizoga na kuuza ngozi. Leo bucha kubwa ya Garsen ni yangu, lori la kupeleka mafahali Mombasa ni langu, na nyumba ya mawe yenye tangi juu ya paa, ile mnayoiona mkishuka kutoka barabara ya lami, nani mwenyewe? Waliosoma huja kwangu kukaa barazani wakisubiri niamke. Kwa hiyo mama yangu alipoonekana ana uvimbe tumboni, na madaktari wa huku wakawa wanatazamana, sikuomba ushauri wa mtu. Nilisema tunakwenda India, yeye na mimi. Pasipoti, viza, ndege, chumba cha kupanga karibu na hospitali, yote nilifanya mimi, mtu ambaye Kiingereza chake kinatosha kuuza fahali na hakizidi hapo.

Daktari alimbonyeza mama tumbo, akampandisha kwenye mizani. Kisha akaongea na mkalimani. Mkalimani alikuwa mama wa Unguja aliyeolewa kule, hospitali ikamwajiri kwa ajili ya wagonjwa wa kwetu, mtu wa makamo kama mimi, mwenye miwani na ulimi.

"Kaka," akaniambia, "daktari anasema uvimbe unatoka, hilo lisikutishe. Lakini bibi mwepesi mno. Akipasuliwa hivi alivyo, hataamka. Mlishe. Kila Jumatatu mje apimwe. Akirudisha mwili, anaingia. Na akizidi kupungua, mchukue mrudi kwenu mkakae naye."

Nikacheka. "Kulisha tu? Mwambie mimi kazi yangu ni kunenepesha mafahali."

"Hilo sitamfasiria," akasema.

Bas, hapo ndipo kuchoka kwangu kulipoanza.

Chumba chetu kilikuwa juu kabisa, na lifti ya jengo lile ilifanya kazi ikipenda. Kulikuwa na vitanda viwili, dirisha lililotazama ukuta, na jiko la gesi la sufuria moja. Mimi nina wake wawili na sikuwahi kuosha kijiko. Sasa nikawa ndiye mpishi, ndiye mtumwa wa sokoni, ndiye muosha vyombo. Asubuhi nashuka ngazi, napita kwa wauza maua na wauza betri za simu, navuka barabara ambayo magari yake hayana breki ila honi, naingia mtaa wa Waislamu kwa sababu huko angalau chakula nakijua kwa sura. Kununua hakukunisumbua. Dawa kwa lugha yao ni dawa, sabuni ni sabuni, hesabu karibu ni hesabu, na yaliyobaki nilimaliza kwa kidole na sauti. Mimi nimeuza ng'ombe kwa watu waliokuja sokoni kununua mbuzi. Nishindwe kupata kitunguu?

Nilimpikia mama wali na samaki. Akala vijiko viwili, akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba."

Nikampelekea supu ya miguu kutoka hoteli moja kando ya msikiti, nzito, ya yule nyati wao wa kufugwa, mweusi mwenye pembe za kujikunja. Mimi nilikunywa bakuli nikaagiza jingine, na kama mtu wa nyama nasema haki yao nawapa, supu wanaijua. Mama akainusa. "Huyu alikuwa mzee," akasema. "Alikufa na uchovu." Akairudisha.

Nikaleta biriani. Akala kiazi. Nikaleta uji, akanywa kidogo akasema una mchanga, nao haukuwa na mchanga, niliukoroga mwenyewe. Nikaleta ndizi za kupika, nikajisifu kabisa, nikamwambia hizi ni kama zile Wapokomo wanatuletea kutoka Ozi. Akaishika ndizi moja akaigeuza.

"Wapokomo wakiona hii watakuonea huruma," akasema.

Na kila mara, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Mtu mzima anakudanganya kwa jina la Mungu, utafanya nini? Mimi namaliza kilichobaki, na ngazi zile zile zinaningoja. Nilinenepa mimi. Jumatatu ya kwanza mizani ilimpunguza mama, na yule mama wa Unguja akanitazama tumbo langu.

Jioni nilimtoa kidogo, maana daktari alisema asilale mchana kutwa. Tulikuwa tunakwenda polepole hadi bustani ndogo yenye viti vya chuma, tunakaa kati ya wazee wa kule wanaotafuna karanga. Njiani ng'ombe walikuwa wanapita. Hiyo ndiyo iliyomsumbua mama kuliko uvimbe. Ng'ombe katikati ya mji, peke yake, anakula maboksi mbele ya duka la viatu, hakuna mchungaji, hakuna anayemfukuza.

"Huyu ni wa nani?"

"Sijui, mama. Wa serikali labda."

"Muulize mwenye duka."

"Nitamuuliza vipi?"

"Kwani wewe si ndiye unayejua kila kitu?" Akasimama pale hadi ng'ombe alipogeuka kona, kama anayesubiri mwenyewe atokee aone aibu.

Sasa maziwa. Msomaji wa mbali atauliza kwa nini sikuanza na maziwa, na sisi ni Waorma, watu wa ng'ombe. Nilianza nayo! Siku ya kwanza nilinunua ya pakiti, mazuri, mazito, nikayachemsha. Mama akaangalia kikombe.

"Haya ni maziwa ya nani?"

"Ya dukani."

"Duka lina ng'ombe?"

Akakisukuma. Nikajua shida ni nini, au nilidhani nimejua: yamekosa moshi. Maziwa yetu yanawekwa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto, cha mti unaochaguliwa, na ladha ya ule moshi ndiyo ladha ya nyumbani. Kibuyu tulikuwa nacho. Mama alitoka nacho Garsen amekifunga kwa leso, akakibeba mapajani ndege nzima. Alibeba na vijiti vya kufukizia pia, lakini hivyo askari wa uwanja wa ndege alivichukua akavitupa kwenye pipa na mama akaongea naye kwa Kiorma maneno ambayo nashukuru hayana mkalimani.

Nikatafuta kuni. Katika mji ule unaweza kununua simu, dhahabu, tumbili ukipenda, lakini kijiti cha kuni, kikavu, kisafi, jaribu. Nilichopata ni mbao za maboksi ya matunda, zina misumari na rangi. Ndipo mzee mmoja kwenye duka la manukato akanionyesha vijiti vya udi. Nikasema, kuni ni kuni, moshi ni moshi, tena huu ni moshi wa heshima. Nikanunua fungu zima.

Chumbani nikaviwasha vyote pamoja, nikavitia ndani ya kibuyu, nikafunika, nikatikisa kama nilivyomwona yeye akifanya miaka yote. Moshi ukatoka, ukapanda, ukajaa chumba. King'ora kikalia darini. Mlango ukapigwa, msimamizi wa jengo akaingia mbio na ndoo ya maji, na kabla sijasema salaamu akanimwagia mimi. Nikabaki nimesimama, kanzu imenilowa, nimekumbatia kibuyu kama mtoto.

"Bhai! Moto! Moto!" nadhani ndivyo alivyokuwa akisema.

"Maziwa!" nikamwambia. "Dudh! Dudh!" Hilo neno nilikuwa nimeshalijua.

Akamtazama mama, akanitazama mimi, akatoka na ndoo yake akitikisa kichwa. Nikamimina maziwa ya pakiti kwenye kibuyu, nikayaacha yatulie, nikampa. Mama akapeleka mdomoni. Akameza. Akakaa.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijafa bado. Mbona umenitilia ubani?"

Kisha akacheka hadi akashika tumbo pale penye uvimbe. Nami nikacheka. Lakini hakunywa tena, na nilipokuwa nafua ile kanzu kwenye ndoo ya plastiki nilihisi mikono yangu ni ya mtu mwingine, mzee.

Jumatatu iliyofuata nguo zake zilikuwa zinamzunguka. Daktari hakuongea sana. Mama wa Unguja akasikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Kaka, anasema Jumatatu ijayo ndiyo ya mwisho. Asipoongezeka, atawaandikia mrudi. Uvimbe nao haungoji."

Nilitaka kugombana. Nilitaka kumwambia daktari mimi ni nani kwetu. Lakini pale mimi ni nani? Nikakaa kwenye benchi la korido karibu na mama.

Yule mama wa Unguja akachuchumaa mbele ya mama yangu. "Bibi, watakani? Niambie mie, huyu mwache."

Mama hakijui Kiswahili sana, alikuwa anaelewa cha sokoni. Akajibu cha sokoni. "Mimi nauliza yeye maziwa ya nani. Yeye hapana jibu."

Mkalimani akanigeukia. "Anakuuliza kitu. Mbona humjibu?"

"Analalamika tu," nikasema.

"Mie nimesikia swali."

Hapo nikakumbuka. Kwetu, mgonjwa hapewi maziwa ya mchanganyiko. Mtoto mchanga na mgonjwa hukamuliwa ng'ombe mmoja tu, yule yule kila siku, anayejulikana mama yake na bibi yake, mwenye afya na asiyepoteza ndama. Ukipewa kibuyu ukiwa kitandani unaambiwa: haya ni ya fulani. Ukishasikia jina, unakunywa. Mimi mwenyewe nilikunywa hivyo nilipokuwa na malaria utotoni, na ng'ombe aliyeniponya naweza kuwachorea mabaka yake hadi leo. Nimeuza ng'ombe wengi tangu hapo. Wa kuuza huulizi mama yake.

"Dada," nikamwambia mkalimani, "mji huu maziwa yanatoka wapi? Yenyewe, si pakiti."

Alijua. Nyuma ya reli kulikuwa na zizi la mjini, mabanda ya watu wanaokamua na kuuza mtaa kwa mtaa. Akamwandikia dereva wa tuktuk mahali penyewe, akanipa karatasi.

Kesho yake alfajiri tukaenda, mama amefunga kibuyu chake kwa leso. Harufu ilitufikia kabla ya banda. Kwa watu wa mji ile ni harufu mbaya. Mama alivuta pumzi mbili tatu, na mkono wake uliokuwa umenishika bega ukalegea.

Wengi walikuwa wale weusi wa pembe za kujikunja, wamefungwa safu kwa safu. Mama akawapita kama mtu anayepita wageni msibani, kwa adabu tu. Mwenye banda, mzee wa masharubu aliyevaa fulana yenye matundu, akatufuata akipaza sauti. Nami nikapaza yangu. Mama hakumsikia yeyote. Kule mwisho, penye ukuta, alikuwa amesimama ng'ombe mwekundu mwenye nundu.

Nundu kama za kwetu! Shingo yenye ngozi ya kuning'inia, macho yenye wanja. Wallahi ungemtupa katika kundi la Garsen asingetambulikana. Mama akanyoosha mkono, ng'ombe akaunusa, akaulamba.

"Muulize amezaa mara ngapi."

Nikamwonyesha mzee ng'ombe, nikajionyesha tumbo, nikahesabu vidole. Mzee akaacha kupiga kelele. Akainua vidole vitatu.

"Wako hai?"

Hilo lilichukua muda. Nililala chini nikajifanya maiti, nikaamka nikajifanya ndama. Wakamuaji wengine wakaacha kazi wakaja kutazama, na mmoja akacheka hadi akamwaga ndoo. Mzee akaelewa, akaweka mkono kifuani: hai, wote watatu.

"Ndama wa sasa yuko wapi?"

Alikuwa amefungwa nyuma ya mapipa. Mama akaenda mwenyewe, akamfungua.

"Arre, amma!" mzee akaruka, maana aliona maziwa yake yanakwenda kwa ndama. Nikamshika bega. Nikamwonyesha noti, akatulia. Ndama akanyonya kidogo, ng'ombe akaachilia maziwa, mama akamvuta ndama akamfunga mbele, pale mama yake anapoweza kumlamba. Sasa kibuyu. Wale watu walikuwa na moto wa kuchemshia chai, wa kuni halisi. Mama akavunja vijiti, akanusa kimoja akakitupa, akanusa kingine akakitia motoni. Akafukiza bila haraka. Kisha yule mwanamke ambaye kupanda ngazi zetu nilikuwa nambeba akachuchumaa kando ya ng'ombe, kichwa ubavuni, akakamua, huku akimwimbia puani wimbo ule wa kukamulia.

Alipomaliza akampa ng'ombe jina. Ni jina la nyumba yetu, silisemi hapa. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunipa kibuyu nimshikie.

"Sasa niambie."

Nikamwambia, "Mama, haya ni ya fulani," nikalitaja lile jina.

Akanywa. Akapumzika, akanywa tena. Povu likabaki juu ya mdomo na hakulifuta. Yule mzee wa masharubu akaniletea chai kwenye kigilasi kidogo bila kuombwa, nikainywa nimesimama, nimegeukia ukuta.

Tangu hapo ikawa kila alfajiri. Nisiwadanganye kwamba nilifurahi. Kuamka giza, kushuka ngazi, kutafuta tuktuk, kubishana na dereva, kurudi, kulala kidogo, kwenda sokoni. Maana mama akishapata maziwa yake alianza kutaka na vitu vingine: wali, kisha samaki asiyetiwa viungo, kisha siku moja, mnisikilize, ile ile supu ya miguu. "Huyu wa leo ni kijana," akasema. Mizani ikapanda kidogo, daktari akatuongezea muda, ikapanda tena. Mimi nikakonda. Mama wa Unguja akasema, "Haya ndiyo maumbo yenu ya haki."

Siku ya operesheni ilipofika wakamvalisha nguo ya kijani. Kabla hawajamsukuma akanishika kidole.

"Umeenda?"

"Kwenda wapi, mama? Leo ni leo, nakaa hapa mlangoni."

"Nikiamka nitataka maziwa. Nani atakamua? Yule mzee hamwachii ndama."

Kwetu kukamua ni kazi ya wanawake. Sisemi zaidi. Nilikwenda. Mimi mwenye bucha na lori, nikachuchumaa kwenye samadi ya mji wa watu nikafunga ndama mbele, na ng'ombe akageuza kichwa kuniangalia huyu ni nani. Maziwa yalikuja matone, kisha uzi. Wimbo siujui wote. Nilimwimbia nilioujua, nikarudia. Mzee wa masharubu hakucheka, naye nitamheshimu kwa hilo hadi nife. Nikajaza nusu ya kibuyu nilichokwisha kukifukiza, nikarudi hospitali mbio, tuktuk ikikwama kila taa.

Nikangoja. Sitaki kuandika kungoja kule.

Mchana ulikuwa umekwenda daktari alipotoka, akaninyooshea dole gumba, na hilo halikuhitaji mkalimani. Wakaniruhusu niingie kidogo. Nilimwekea nesi kibuyu mbele yake, akakataa kwa mikono miwili: leo hapana, hata maji hapana, midomo tu ilowanishwe kwa pamba.

Mama alikuwa macho nusu. Mkono wangu ulipomkaribia aliunusa, akauweka hapo hapo puani.

"Ulikamua wewe."

"Ni mimi."

"Ndama?"

"Nilimwachia kwanza."

"Ulimbakishia?"

"Nilimbakishia, mama."

Akafumba macho akalala. Nesi akanitoa. Nikakaa kwenye ngazi za hospitali na kibuyu mapajani, watu wakinipita juu na chini na makaratasi yao. Maziwa ya ng'ombe huyo hayamwagwi. Nikalitaja jina lake kwa sauti ndogo, nikayanywa yote, nikaegemea ukuta, nikalala nimekaa.